Sura ya Tano: Karatasi Zisizosema Kiswahili

Chini ya mikataba mingi inayotiwa sahihi mjini Bunia kuna maneno matatu ambayo mwenye kusaini hutakiwa kuyaandika kwa mkono wake mwenyewe, juu kidogo ya jina: "lu et approuvé". Yaani nimesoma, nimekubali. Anayeyaandika anaweza kuwa mama anayekodi kibanda cha biashara karibu na soko kuu, au mzee wa Mudzipela anayeuza kipande cha kiwanja ili alipie matibabu. Karani humwekea mfano kwenye kikaratasi, naye huufuata herufi baada ya herufi mpaka mwisho. Kuanzia hapo, mbele ya hakimu, amesoma. Kwamba karatasi ilikuwa ya Kifaransa na yeye hajui Kifaransa, hilo ni shauri lake.

Sura hii ni ya watu wa namna hiyo. Vitabu vya lugha huwaita "wanaoanza" na huwapa somo la kwanza lile lile wanalopewa wanafunzi wa Tokyo na Buenos Aires: ninaitwa Marie, ninakaa Paris, ninapenda sinema. Nadhani mtu mzima wa Bunia haanzi hapo, na akilazimishwa kuanzia hapo atakuwa ameacha kabla ya mwezi kwisha. Hana mpango wa kwenda Paris. Ana karatasi nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro, na anataka kujua zinasema nini.

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali nchini Kongo hazitozi ada. Inakuwaje basi watu wa miaka 30 na 40 wasiijue lugha ya shule? Kwa Ituri, jimbo lenye mji wa Bunia, jibu la kwanza ni vita. Kati ya 1999 na 2003 shule zilifungwa, zikachomwa au zikageuzwa makazi ya wenye bunduki, na Juni 2003 Umoja wa Ulaya ulilazimika kuleta kikosi kilichoongozwa na Ufaransa, operesheni Artemis, kuulinda mji na uwanja wake wa ndege. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 wakati ule leo amepita 30, ana watoto wake, na madarasa aliyoyakosa hayakumrudia. Mwisho wa 2017 eneo la Djugu, humu humu Ituri, liliwaka tena. Mwaka uliofuata maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kuelekea Hoima, nchini Uganda, na wengine wakaishia kwenye kambi za wakimbizi wa ndani hapa hapa Bunia, kama Kigonze. Waliosoma ng'ambo walirudi na Kiingereza. Wanasoma vizuri, wanapiga hesabu vizuri, lakini wakifika mbele ya biro ya serikali wanahesabiwa kuwa hawakusoma.

Kuna pia watu wa kanisa. Wamisionari wa Africa Inland waliingia pande hizi mwaka 1912 kupitia Kasengu, karibu na Mahagi, na katika sehemu kubwa ya Ituri Kiswahili kikawa lugha ya mahubiri na ya kitabu. Akina mama na akina baba wengi walijifunzia herufi kwenye Biblia ya Kiswahili. Hawajawahi kukaa darasa la Kifaransa, lakini mpe mmoja wao Zaburi na atakusomea bila kukwama. Hao, kwa maoni yangu, ndio wanafunzi wazuri kuliko wote.

Na kuna wasiojua herufi kabisa. Kwao nina neno gumu: wasianze na Kifaransa. Kujua kusoma na kujua Kifaransa ni kazi mbili, na anayezibeba zote kwa pamoja huangusha zote. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, herufi haimdanganyi mtu. Ajifunze kusoma katika Kiswahili kwanza, miezi michache, kisha aje tuonane hapa. Serikali yenyewe inalikubali wazo hili kwa watoto: sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inataka lugha za taifa au za mazingira zitumike mwanzoni mwa masomo. Sioni kwa nini mtu mzima anyimwe kile ambacho mtoto wake amepewa.

Kabla ya kufungua daftari, tuseme ukweli juu ya lugha hii. Kifaransa Kongo hakikuja kama lugha tu. Kilikuja kama cheo. Katika shule za misheni za wakati wa Wabelgiji watoto wengi walifundishwa kwa Kiswahili au lugha nyingine ya Kiafrika. Kifaransa kilikuwa cha wachache waliotayarishwa kuwa makarani, mapadri na wauguzi. Mwaka 1948 koloni ikaanzisha "carte du mérite civique", kadi ya Mkongo aliyehesabiwa kuwa amestaarabika, na mwaka 1952 ikaongeza "immatriculation", ngazi ya juu zaidi, ambayo mwombaji wake alichunguzwa hadi nyumbani kwake. Aliyesema Kifaransa alikuwa ameshafika nusu ya njia. Uhuru haukuondoa cheo hicho, uliwataka wote wakipate: mwaka 1962 Kifaransa kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mtu mzima wa leo anayeona haya kufungua mdomo, akiogopa kuchekwa na watoto wake, amerithi hofu iliyotengenezwa zamani na watu wengine. Akiijua asili yake, labda itampungukia uzito.

Katiba ya 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha kwanza kwamba lugha rasmi ni Kifaransa, na kwamba lugha za taifa ni nne: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba. Wengi huishia hapo. Ukiendelea hadi kifungu cha 18 utakuta kwamba mtu akikamatwa lazima aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, tena kwa lugha anayoielewa. Na kifungu cha 142 kinaipa serikali kazi ya kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu kutangazwa. Jaribu kutafuta mjini Bunia sheria moja iliyochapishwa kwa Kiswahili ukaone kazi yake.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ilipomhukumu Thomas Lubanga, aliyeongoza kundi la wapiganaji, kwa makosa yaliyotendeka Ituri, kesi iliyoanza Januari 2009 na kuamuliwa Machi 2012, mashahidi waliosema Kiswahili waliwekewa wakalimani. Lugha za kazi za mahakama ile ni Kiingereza na Kifaransa, lakini hakuna aliyemwambia shahidi akajifunze kwanza ndipo arudi. Anayefika na kesi ya uzio au ya mbuzi katika mji wake mwenyewe mara nyingi humtegemea jirani aliyemaliza sekondari, kama jirani ana nafasi siku hiyo.

Ardhi ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi gharama ya kutosoma. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inafanya udongo wote kuwa mali ya dola. Raia hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha usajili, "certificat d'enregistrement". Cheti kikipita miaka 2 bila kupingwa, kukivunja huwa karibu haiwezekani. Sasa fikiria kijiji ambacho watu wake wamelima mahali pamoja tangu mababu, bila karatasi, na ofisini mjini kuna faili ya Kifaransa yenye mipaka ya shamba lao na jina la mtu mwingine. Miaka 2 inapita. Hakuna aliyepinga kwa sababu hakuna aliyejua kuna la kupinga. Wachunguzi wengi wa vita vya Ituri wameitaja sheria hiyo, na jinsi wenye elimu na fedha walivyoweza kuitumia, miongoni mwa mizizi ya mgogoro uliolipuka Djugu mwaka 1999. Haikuwa sababu pekee, na anayeeleza vita vile kwa sababu moja asiaminiwe. Lakini karatasi ilikuwemo.

Basi tuanze kujifunza. Habari njema ni kwamba mtu wa Bunia haanzi na mikono mitupu. Anakwenda "lopitali", anaingia "biro", anamtafuta "avoka", anapanda "velo", anamwona shefu wa "kartie". Na juu ya yote anahesabu kwa Kifaransa kutwa nzima. Bei sokoni zinatajwa kwa Kifaransa: "cinq cents", "mille", "deux mille". Saa ya kikao ni "dix heures". Mwaka wa kuzaliwa unasemwa kwa Kifaransa hata na bibi asiyejua neno jingine. Namba ya simu ndiyo bora kuliko zote: mwenye laini ya Vodacom inayoanza na 081 husema "zéro quatre-vingt-un", mwenye Airtel ya 099 husema "zéro nonante-neuf", bila kufikiri. Anayo masikioni namba ambazo mwanafunzi wa Nairobi huzihangaikia wiki nzima. Anachokosa ni sura ya namba hizo kwenye karatasi.

Kwa hiyo somo la kwanza darasani kwangu lingekuwa namba zilizoandikwa kwa maneno. Sababu ni ya fedha: kwenye risiti na hati za deni, kiasi huandikwa mara mbili, kwa tarakimu na "en toutes lettres", na palipo na ubishi watu hutazama maneno, kwa kuwa tarakimu huongezewa sifuri kwa urahisi. Mtu aweze kuandika 75 000 kuwa "septante-cinq mille", na aweze kugundua palipoandikwa "nonante-cinq mille" badala yake. Hapa kitabu kutoka Ufaransa humchanganya mwanafunzi, kwa sababu Wafaransa husema "soixante-dix" kwa 70 na "quatre-vingt-dix" kwa 90. Sisi tulirithi Kifaransa cha Wabelgiji: "septante", "nonante". Kwa 80 tunakubaliana na Paris, "quatre-vingts". Mwalimu anayemsahihisha mama wa sokoni kwamba "nonante" si Kifaransa safi anamharibia kile anachokijua kwa faida ya watu ambao hatakutana nao.

Somo la pili lingekuwa fomu. Fomu ya Kongo haifanani na ya kwingine: inauliza "nom", "post-nom" na "prénom". Mpangilio huo unatokana na siasa ya uhalisi ya Mobutu, aliyepiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972. Yaliporudi baadaye, post-nom, jina la Kiafrika lililoshika nafasi yake, ilibaki. Kitabu cha Paris hakina neno hilo. Baada ya majina huja "lieu et date de naissance", "état civil", "profession", "adresse", kisha kijiji, chefferie au secteur, na territoire: Irumu, Djugu, Mahagi, Aru au Mambasa. Maneno hayafiki 20, na yanajirudia kwenye kadi ya mpiga kura, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho, kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwenye orodha ya kambi na kwenye karatasi ya hospitali. Aliyeyamudu ameshapata nusu ya Kifaransa anachokihitaji kwa mwaka.

Sarufi ije baada ya hapo, na ije kwa Kiswahili. Ninasisitiza hili kwa sababu walimu wengi, waliosoma enzi za kuadhibiwa kwa kusema lugha ya nyumbani darasani, huona aibu kufundisha Kifaransa kwa lugha nyingine yoyote. Wanapoteza hazina. Chukua sentensi "ninamwona". Ndani yake kuna mtenda, kuna mtendwa, na mtendwa amekaa kabla ya kitenzi. Kifaransa hufanya vivyo hivyo: "je le vois". "Ananijua" ni "il me connaît". "Ninakupa" ni "je te donne". Mwingereza anayejifunza Kifaransa huteseka hapa miaka, kwa kuwa lugha yake humweka mtendwa nyuma ya kitenzi. Mswahili amezaliwa na mpangilio huo.

Vile vile suala la "le" na "la", linalowatisha wengi. Kwa nini shamba ni la kiume na nyumba ni ya kike? Hakuna kwa nini, kama ambavyo hakuna kwa nini mti uwe katika ngeli ya m-mi. Anayesema "nyumba nzuri, shamba zuri, miti mizuri" amekwisha kuzoea jina kuamuru maneno yanayolifuata. Kifaransa kina ngeli mbili tu, sisi tuna nyingi. Najua Kiswahili cha mitaani Bunia kimepunguza upatanisho, na "kitabu yangu" haimshtui mtu. Hata hivyo aliyekulia Kibira au Kihema analo wazo hilo nyumbani, na wenye Kilendu au Kialur, ambazo si lugha za Kibantu, wanaweza kuchukuliwa kupitia Kiswahili cha Biblia wanachokisoma Jumapili. Ugumu wa kweli ni mmoja: jina la Kifaransa halina kiambishi cha kukuonyesha jinsia yake. Dawa ni kutojifunza kamwe "maison" peke yake. Jifunze "la maison", daima.

Penye taabu ni masikioni na machoni. "Il parle" na "ils parlent" zinasikika sawa kabisa, ingawa ya pili imebeba herufi tatu za ziada zisizotamkwa. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili, aliyezoea kutamka kila anachokiona, atasoma "parlenti", na darasa litacheka. Asikatazwe kucheka nalo. Aambiwe kanuni moja, kwamba herufi za mwisho mara nyingi ziko kwa ajili ya macho tu, kisha asomewe kwa sauti huku akifuata kwa kidole. Halafu kuna ile "u" ya Kifaransa ambayo Kiswahili hakina. Wazee wetu waliisikia kuwa "i", ndiyo maana "bureau" ikawa "biro". Wengine huisikia kuwa "u" yetu. Kosa hilo lina madhara, kwa kuwa "dessus" ni juu na "dessous" ni chini. Hati ikikwambia kiasi kilichoandikwa "ci-dessus", hakikisha unatazama juu.

Inachukua muda gani? Ngazi ya kwanza kabisa, inayoitwa A1 katika vipimo vya Ulaya vya mwaka 2001, walimu wengi huikadiria saa 60 hadi 100 za darasa. Kwa mtu anayepata jioni mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila jioni, hiyo ni wiki 20 hadi 33, kama mvua, msiba na hali ya usalama vitaruhusu. Mtihani wa DELF wa ngazi hiyo upo na una heshima yake, lakini kwa mtu wa karatasi si lazima.

Nje ya darasa mwalimu wa bure ni redio. Radio Okapi, iliyoanza kurusha 25 Februari 2002, hutangaza habari kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa. Sikiliza habari za Kiswahili kwanza. Ukishajua ni daraja gani limevunjika na waziri gani amefika, sikiliza taarifa ya Kifaransa: utayakamata majina, namba, kisha kitenzi kimoja, kisha viwili. Walimu mji unao. Kuna chuo cha ualimu cha ISP, Chuo Kikuu cha Bunia na Chuo Kikuu cha Shalom, ambacho mizizi yake ni chuo cha theolojia cha mwaka 1961, na wahitimu wao wapo kila kartie. Wengi hawajawahi kuombwa kufundisha mtu mwenye mvi.

Kuna karatasi moja sijaigusa, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote: bulletin ya mtoto. Imeandikwa Kifaransa, ina alama, "application", "conduite", nafasi ya mtoto darasani, na chini kuna mahali pa sahihi ya mzazi. Katika nyumba nyingi anayemfasiria mzazi ni mtoto mwenyewe. Ajabu ni kwamba katika tafsiri hizo mtoto huwa hafeli.

Basi wewe unayetafuta darasa, usiulize kitabu gani kinatumika wala kama mwalimu amewahi kufika Ulaya. Siku ya kwanza nenda na bulletin ya mwanao, risiti moja na hati ya kiwanja kama unayo. Ziweke mezani, mwombe mwalimu aanze na hizo, na akueleze kwa Kiswahili. Akikataa, tafuta mwingine.